Kiti cha Lavenda Ndani ya Faili

Nyinyi mnaochora siku hizi, jambo la kwanza nawaambia ni hili: kumtumia mtu faili si kumfikishia. Unaweza kubonyeza pale pa kutuma, ukaona alama kwamba imefika, ukainuka ukaenda kunywa chai, na kumbe yule mtu ameketi huko kwake anaangalia mraba wa kijivu usiosema kitu. Wewe umetuma. Yeye hajapata. Miaka yangu ya mwisho kazini ilikwisha katika shida hiyo, na hata sasa, mnaponiona hapa Gatina, Kawangware, nimekaa nje ya nyumba za ploti nachambua mboga za sukuma, kuna siku akili yangu bado iko huko.

Jina langu ni Nekesa. Mama Wafula kwa majirani, nyanya, au shosh, kwenu. Nilichora vyuma. Milango, mageti, ngazi, stendi za matangi ya maji, vitanda vya zahanati, mimbari za makanisa. Karakana ilikuwa ya Mzee Ogola, hapa hapa Kawangware, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alinichukua nikiwa msichana, nimetoka Bungoma na cheti cha uchoraji nilichokikunja mpaka kikaanza kukatika. Hakukiangalia. Alinipa penseli akaniambia nichore kufuli iliyokuwa mezani. Nilipomaliza akasema, "Sawa. Kesho uje na sweta, hapa kuna baridi."

Tulianza na ubao, karatasi ya kupenyeza mwanga na kalamu za wino. Ukikosea, unakwangua wino kwa wembe, taratibu. Ukizidisha unatoboa karatasi, na ukitoboa unaanza kazi upya. Mzee Ogola alikuwa akipita nyuma yangu na kusema, "Nekesa, wino ni chumvi hiyo. Kutia ni rahisi." Halafu anaenda zake, ananiacha na wembe.

Shida haikuwa wino lakini. Shida ilikuwa mteja. Sisi tunachora kitu kwa pande: mbele, ubavuni, kutoka juu. Ukizoea, macho yako yanaziunganisha zile picha yenyewe, unaona kitu kimesimama. Mteja haoni hivyo. Kwake hizo ni picha tatu za vitu vitatu. Kuna mwenye nyumba mmoja wa hapa alitaka ngazi ya kuzunguka, ya kupanda hadi kwa wapangaji wa juu. Nikamchorea vizuri, na mchoro wa kutoka juu nikauweka katikati ya karatasi kwa sababu niliupenda. Akaugeuza hivi, akaugeuza vile, akaniambia kwa upole, "Madam, mimi niliomba ngazi. Hii gurudumu ni ya nini?" Mzee Ogola alitoka nje akacheka huko.

Kompyuta zilipokuja tukaanza kuchora kitu kizima, chenye pande zake zote, unakizungusha kwenye skrini utakavyo. Nilidhani shida imeisha. Haikuisha, kwa sababu kile kitu kiliishi ndani ya kompyuta yangu tu. Ile programu ya kuchorea ni nzito na ni ya watu wa kazi, mteja hana. Kwa hiyo nilikuwa nachora kitu kinachozunguka, halafu nakichapisha kwenye karatasi, kinasimama tena.

Aliyetutoa hapo ni mhandisi mmoja, Njeri, aliyekuwa akituletea kazi za stendi za matangi. Siku moja alinitumia PDF, hati ya kawaida kama zile za kuandikia barua. Nikaifungua, nikaona maandishi, na chini yake picha ya stendi. Nikampigia simu kumwuliza vipimo viko wapi. Akaniambia, "Shika hiyo picha na kipanya, halafu vuta." Nikavuta. Stendi ikageuka. Nikaona chini yake, nikaona pale miguu inapounganishwa, nikaisogeza karibu mpaka nikaona boliti. Yote ndani ya hati ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kuifungua. Nilimwita Mzee Ogola. Alikuja na miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso, akainama, akaangalia. Nilipoifunga akasema, "Rudisha."

Tangu siku hiyo sikumtumia mteja mchoro mkavu tena. Nilijifunza mengi kwa kukwama. Ondoeni vitu ambavyo mteja hahitaji kuona, kama mizunguko ya nati na kona za ndani ya bomba, la sivyo faili itakuwa nzito na kompyuta ya saiba, pale watu wanapolipia mtandao, itaganda. Vipande vipeni majina ya kueleweka: "mguu wa kushoto", "mlango", si nambari. Picha ya kwanza, ile inayoonekana kabla mtu hajagusa, ichagueni kwa makini, kwa sababu kwenye simu nyingi ni hiyo tu itakayoonekana na haitazunguka ng'o. Ukurasa wa pili wekeni mchoro wa kawaida wenye vipimo, maana fundi hawezi kupima skrini kwa futi. Na juu kabisa andikeni kwa Kiswahili chepesi jinsi ya kuzungusha, jinsi ya kusogeza, na jinsi ya kurudi ulikotoka.

Hilo la kurudi nililiongeza kwa sababu ya pasta mmoja wa mtaa wa Ayany tuliyemtengenezea mimbari. Nilimtumia faili, na baada ya muda simu ikalia.

"Dada Nekesa," akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "nimeingia ndani ya mimbari na sijui nitatoka vipi."

Alikuwa amesogeza, akasogeza, mpaka akapita ukuta wa mimbari akawa ndani yake, kila upande giza.

"Pasta, unaona kanyumba kadogo pale juu? Kabonyeze."

Nikasikia kipanya kikilia. Halafu, "Nimetoka. Bwana asifiwe."

Nawaeleza haya ili mjue kwamba tulicheka pia. Lakini faili ninayoikumbuka kuliko zote ni ya kiti cha Lavenda.

Lavenda alikuwa mtoto wa darasa la nne huko Sarang'ombe, ndani ya Kibera. Alizaliwa miguu haimbebi, na mikono ikienda inakotaka, si anakotaka yeye. Kuongea aliongea polepole, kila neno akilitafuta. Watu wazima walikuwa na tabia ya kummalizia maneno, na ukifanya hivyo alikuwa ananyamaza, anakuangalia, halafu anaanza sentensi yote upya kutoka mwanzo. Baada ya kunifanyia hivyo mara kadhaa nilijifunza kungoja.

Mamake alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Sisi tulimwita Mama Lavenda na sikumbuki kama kuna siku nilimsikia mtu akimwita jina lingine. Alikuwa anamfahamu Mzee Ogola kwa njia ya kanisa, na Mzee ndiye aliyemleta karakana. Wahisani walikuwa wamempa Lavenda kiti cha magurudumu kama vile vya hospitali, kizuri, kinang'aa. Nilipoenda kwao kupima nilikikuta kimewekwa pembeni, juu yake sufuria na beseni. Kilikuwa kipana kuliko mlango. Hata kama kingetoka mlangoni, kile kijia cha kati ya mabati kisingekiruhusu, wala ule ubao wa kuvukia mtaro. Kwa hiyo Mama Lavenda alikuwa anambeba mtoto mgongoni kwenda shule na kurudi, na mtoto alikuwa anakua.

"Mgongo unaniambia ukweli siku hizi," alisema, akijinyoosha.

Nilipima mlango, nikapima kijia pale kinapobana, nikapima kona ya karibu na bomba la maji. Nikampima Lavenda mwenyewe akiwa ameketi: mgongo, mapaja, urefu wa macho yake kutoka kwenye kiti. Mzee Ogola aliniambia zamani, ukimchorea mtu kitu cha kukalia, pima mahali macho yake yalipo, maana hapo ndipo yeye yuko. Nikaenda kuchora: magurudumu mawili membamba karibu sana na mwili, moja dogo mbele, mabomba mepesi, mikono ya kusukumia nyuma.

Kawangware ilikuwa mbali kwa mtu anayebeba mtoto mgongoni, kwa hiyo niliituma faili kwa saiba ya karibu na kwao, halafu nikaenda mwenyewe kuhakikisha inafunguka. Ilifunguka. Juu ilitokea ile tepe ya onyo inayouliza kama unaiamini hati, mwenye saiba akabonyeza kukubali, na kiti kikatokea. Mama Lavenda akaketi, akampakata Lavenda, akamwekea mkono juu ya kipanya. Vidole havikushika. Lavenda akakisukuma kwa kifundo cha mkono. Kiti kikazunguka kwa kasi, chini juu, juu chini. Akasukuma tena, kidogo zaidi. Kikageuka polepole kikatuangalia.

Alikizungusha kwa muda mrefu. Watu waliokuwa kwa zile kompyuta zingine waliacha kazi zao wakawa wanaangalia. Halafu akauliza, neno moja moja, "Mimi nimekaa nikiangalia wapi?"

"Mbele," nikasema. "Huku."

"Na mama?"

"Mama ako nyuma. Anasukuma."

Akakizungusha tena. Akakiacha kwenye ubavu, akakiangalia. "Nataka kuangalia mama."

Mama Lavenda alicheka. "Sasa utaona nini? Si uangalie mbele uone njia."

"Njia naijua."

"Na uso wangu huujui?"

Lavenda alichukua muda kulipata hilo neno, na hakuna aliyemmalizia. "Unabadilika," akasema.

Mama Lavenda hakucheka tena. Alimweka vizuri magotini, akamrekebishia kola. Baadaye, tulipokuwa tukitoka, aliniambia kando, "Ni kweli, Mama Wafula. Miaka yote nambeba, yeye anaona shingo tu."

Basi nikarudi kugeuza kiti. Msidhani ni kugeuza tu. Mzee Ogola aliketi karibu nami, tukakizungusha kwenye skrini, na tulipokiangalia ubavuni aliona kabla yangu. "Miguu ya mtoto itagonga magoti ya mamake kila hatua." Nikarefusha mikono ya kusukumia. Sasa kiti kikawa kirefu, hakipiti ile kona ya bomba. Nikaipinda ile mikono ipande juu kwanza halafu irudi nyuma, nikainua mahali pa kukanyagia, nikasogeza magurudumu ili uzito usiangukie nyuma. Kwenye mchoro wa karatasi tungekuja kuona haya chuma kikiwa tayari kimechomelewa.

Nikatuma tena. Lavenda alikipitisha, lakini alikuwa na neno juu ya rangi. Mimi nilikuwa nimekipaka zambarau kwa ajili ya jina lake, ambalo ni la ua la rangi hiyo, nikijiona mwerevu. "Kila mtu," akasema, "ananiletea zambarau." Alitaka nyekundu, kama pikipiki ya boda ya jirani yao. Nikarudi karakana nikambadilishia siku hiyo hiyo, nikatuma. Alikizungusha kile kiti chekundu mpaka mwenye saiba akamwambia mamake kwamba huyu sasa amekuwa mteja wake wa kudumu.

Mzee Ogola akaanza kukata mabomba.

Ilikuwa miezi ile ya baridi, wakati Nairobi haioni jua wiki nzima na nyumba za mabati zinakuwa baridi ndani kuliko nje. Lavenda alishikwa na kifua. Mama Lavenda alinipigia kusema kwamba wamempeleka hospitali na amewekewa hewa, na kwamba ameuliza kama mzee ameshapaka rangi. Nilimwambia bado, rangi ni ya mwisho. Asubuhi nyingine simu ikaja tena, na safari hii aliyeongea alikuwa dada ya Mama Lavenda, na nikajua kabla hajafika mahali pa kusema.

Walimpeleka nyumbani, upande wa ziwa. Mzee Ogola naye alienda kwenye mazishi. Aliporudi, alikusanya yale mabomba yaliyokatwa na ile fremu aliyokuwa ameanza kuiunganisha, akayafunika kwa gunia nyuma ya karakana. Kulikuwa na siku tulikosa bomba la aina hiyo kabisa, na kazi ya watu inangoja. Hakuna aliyenyanyua lile gunia.

Mama Lavenda aliporudi Nairobi alikuja Kawangware. Tulimpa kiti, tukampa chai, Mzee Ogola akasalimiana naye kwa Kijaluo, maneno machache. Nilijua tutalazimika kuzungumzia kile kiti, nikaanza, "Mama Lavenda, kuhusu ile kazi."

"Sikuja kwa kiti," akasema. "Kiti kikiwa pale nyumbani na yeye hayuko, nitakiweka wapi? Nimekuja kuuliza ile karatasi inayozunguka. Bado iko?"

"Bado iko. Hata pale saiba iko."

"Naweza kuwa naenda?"

"Ni yako," nikamwambia. "Nenda wakati wowote."

Akawa anaenda. Jumapili, akitoka kanisani, akiwa bado na kitambaa cheupe cha kichwani. Mwenye saiba alikuwa kijana mwema, alimfungulia bila maswali na kumwachia ile kompyuta ya kona. Aliniambia kwamba Mama Lavenda haendi kulia. Anaketi tu, anakizungusha kile kiti chekundu, anakisogeza karibu, anakirudisha. Halafu anasema asante, anatoka.

Hayo yaliendelea hata baada ya mimi kustaafu. Macho yangu yalikuwa yamechoka, na Mzee Ogola naye alikuwa anaanza kuachia watoto wake karakana. Aliniaga kwa kunipa kompyuta niliyokuwa nikichorea, ile kubwa ya zamani, na nikaiweka hapa nyumbani chini ya kitambaa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo kazi yenu inapoingia. Programu hubadilika. Zile mpya za kufungulia hati zilianza kuzuia vitu vinavyozunguka, kwa sababu za usalama, watu wabaya wanaweza kuficha mambo humo. Nyingine zikaacha kabisa kuvielewa. Ukifungua hati yako unaona ile picha ya kwanza tu, imekaa. Hakuna anayekuambia kuna kitu kimepotea. Picha ni nzuri, kila kitu kiko, isipokuwa hakigeuki.

Mwenye saiba alibadilisha mashine zake, na hakuwa na kosa, za zamani zilikuwa zimechakaa. Jumapili iliyofuata Mama Lavenda alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mama Wafula, kimesimama."

"Nini kimesimama?"

"Kiti. Nasukuma na hakiendi."

Nilienda. Nikabonyeza kila nilichokijua. Nikatafuta mahali pa kuruhusu, nikaruhusu, nikafunga, nikafungua. Mwenye saiba alisimama nyuma yangu akiomba msamaha kana kwamba ameua mtu. Kiti kilikaa pale kwenye skrini mpya, chekundu, kizuri kuliko zamani, na hakikugeuka. Mama Lavenda alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Njoo kwangu."

Tulikuja hapa Gatina mchana huo. Nikatoa kitambaa, nikawasha ile kompyuta ya zamani, ikachukua muda wake, ikanguruma. Nikaifungua faili. Ile tepe ya onyo ikatokea ikiuliza kama naiamini hati, nikakubali. Nikavuta kipanya na kiti kikageuka. Mama Lavenda alitoa pumzi. Nikampisha akaketi.

Alikizungusha kama nilivyokuwa nimeambiwa, bila haraka. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

"Unaweza kuniweka ndani ya kiti? Nione vile angeona."

Inawezekana. Katika zile faili unaweza kuchagua jicho limesimama wapi na linaangalia nini, na kuuhifadhi mtazamo huo kwa jina. Nilikuwa bado na vipimo vyake. Nikaliweka jicho pale, juu ya kiti, kwenye urefu ule ule niliompima nyumbani kwao, nikaligeuza liangalie nyuma. Skrini ikabadilika. Kiti hakikuonekana tena. Ilionekana ile mikono ya kusukumia tu, ikipanda kushoto na kulia, na mipira yake nyeusi ya kushikia. Katikati yake palikuwa peupe.

Mama Lavenda aliangalia muda mrefu.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hapo katikati ya mikono."

"Hapo hakuna mtu."

"Huwa sichori watu," nikamwambia. "Nachora chuma tu."

Akanyanyua mkono akaugusa ule weupe kwa ncha za vidole, kwa uangalifu, kama mtu anayegusa paji la uso kusikia kama kuna homa. "Angekuwa ananiona hapa."

"Hapo."

"Njia yote mpaka shule."

"Njia yote."

Hapo ndipo alipolia, na sikumwambia anyamaze. Nilikaa kando yake. Nje watoto wa ploti walikuwa wakicheza mpira na ukawa unagonga geti, unagonga geti, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kuwakataza. Alipotulia aliniomba nisiuondoe ule mtazamo. Nikauhifadhi. Programu ikauliza jina, nikamwangalia. Akasema, "Andika la kwake." Nikaandika.

Alipokuwa anafunga kitambaa chake ili aende, akasema akiwa amenipa mgongo, "Mwambie Mzee amalize kiti. Kuna mtoto mwingine mahali, mama yake anambeba."

Mzee Ogola alikimaliza yeye mwenyewe, ingawa mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na watoto wake walijua wasimsaidie. Alikipaka nyekundu. Mtoto tulimpata hapa hapa Kawangware, msichana anayeitwa Faith, analelewa na nyanya yake. Siku ya kumpa, Mama Lavenda alikuja. Hatukumwita. Alisikia kwa kanisa, akaacha omena kwa jirani, akaja.

Tulimkalisha Faith. Nyanya yake akashika mikono ya kiti, wakawa wanaangaliana uso kwa uso. Faith akageuza kichwa huku na huku, akijaribu kuona nyuma yake, mpaka shingo ikamchoka.

"Nyanya, sioni magari," akasema.

Nyanya akaona aibu. "Mtoto huyu ni wa kupenda barabara. Lakini ni sawa, atazoea. Asanteni sana."

Mzee Ogola aliniangalia. Mimi niliangalia chini. Kiti chenyewe kilikuwa kimefungwa kwenye fremu kwa boliti, si kwa kuchomelewa, na kugeuza hakukuwa kazi kubwa. Mzee Ogola akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Acheni kwangu. Nitageuza baadaye, mkishaenda."

Mama Lavenda akasema, "Mzee, nipe spana."

"Mama, wacha tu."

"Nipe."

Akampa. Hakujua kuitumia, akaisukuma upande wa kukaza, na Mzee Ogola akachuchumaa taratibu kando yake, akamwonyesha kwa kidole upande wa kulegeza. Boliti ya kwanza ilikataa. Akaweka uzito wake wote, ikakubali. Alizitoa zote moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye kiganja cha Mzee Ogola. Halafu akakinyanyua kiti. Kilikuwa chepesi, tulikichora kiwe chepesi. Akasimama nacho kidogo, amekikumbatia. Akakigeuza, akakirudisha juu ya fremu, akazikaza boliti yeye mwenyewe, na Mzee Ogola akapitisha spana mara ya mwisho kuhakikisha. Tukahamisha mahali pa kukanyagia. Tukamrudisha Faith, na nyanya yake akamsukuma kutoka getini, akamwelekeza barabarani. Faith alinyoosha mkono akionyesha kitu huko mbele. Hakuangalia nyuma, na kwa nini aangalie.

Mama Lavenda alibaki amesimama na mafuta ya spana mikononi. Akauliza yanatoka na nini. Mzee Ogola akamletea unga wa mbao na sabuni, akammiminia maji. Akaosha kidole kimoja kimoja. Mafuta yaliisha, na akaendelea kuosha, na Mzee Ogola akaendelea kummiminia.

Kuna sheria ya kazi ambayo lazima niwafundishe, maana mtaulizwa. Mchoro lazima ufanane na kitu kilichotengenezwa. Fundi akibadilisha chuma, nawe rudi ubadilishe faili, ihifadhi upya, na ile ya zamani uiondoe ili isimpotoshe mtu. Ishikeni hiyo. Mimi niliishika miaka yote niliyofanya kazi. Faili ya Lavenda sijaibadilisha. Kiti kilicho ndani yake bado kinaangalia nyuma.